Mlima Meru: msikimbilie kilele, siku ya kwanza ndiyo safari yenyewe

Mzee wa Buti (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila ifikapo mwezi wa Juni, masika yanapokatika na njia za huku kwetu kukauka, simu yangu huanza kulia kwa swali moja: "Nataka kupanda Kilimanjaro, je, nianze na Meru ili nipate mazoezi?" Nimelijibu mara nyingi kwa maneno mawili matatu, lakini leo nimeona nilijibu kwa urefu, kwa sababu naamini swali lenyewe lina kasoro. Mlima Meru umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na mtu anayeupanda kama ngazi tu ya kufikia mlima mwingine hupita katikati ya nyati, twiga na mbega huku macho yake yakiwa kwenye saa. Mimi nimeupanda mara tatu. Mara ya kwanza sikufika kileleni, na nitaeleza sababu nikiulizwa; hata hivyo, katika safari zote tatu, kinachonijia kwanza nikifumba macho si kilele bali ni ile siku ya kwanza ya kutembea.

Kwa wasiolifahamu eneo, unatoka Arusha mjini kwa barabara ya Moshi hadi Usa River, unakata kushoto, na baada ya mwendo mfupi unafika lango la Ngongongare. Ukishaingia unakutana na uwanda wa majani unaoitwa Serengeti Ndogo, ambako pundamilia, ngiri na nyati hulisha pamoja kana kwamba ni mifugo ya boma moja. Barabara huingia msituni, na mwisho wake kwa mpanda mlima ni lango la Momella, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo gari linaachwa.

Hapo pia ndipo unapokabidhiwa askari wa hifadhi mwenye bunduki, na jambo hili ndilo linaloutofautisha Meru na mlima jirani. Kilimanjaro, mnyama atakayekusumbua zaidi ni kunguru wa kambini anayenyemelea biskuti zako. Meru ni tofauti, kwa kuwa njia inapita katika malisho ya nyati na mapito ya tembo, na hakuna kundi linaloruhusiwa kupanda bila askari. Katika hifadhi nyingi tumezoea kuwatazama wanyama tukiwa juu ya kiti cha gari, dirisha likiwa wazi nusu. Hapa unamtazama twiga ukiwa umesimama kwa miguu yako mwenyewe, na ndipo unapotambua kwamba goti lake liko karibu na kifua chako.

Kutoka Momella kuna njia mbili za kufika vibanda vya Miriakamba, vilivyo mita 2,514. Ya kaskazini ni fupi na ina mwinuko mkali. Mtu mwenye pumzi anaweza kuimaliza kwa saa tatu. Ya kusini ni barabara ya zamani ya magari, inazunguka msituni na kupita chini ya kuta za kreta, yaani shimo la volkano, na inahitaji saa tano au zaidi. Wengi huchagua fupi kwa kwenda na kwa kurudi. Ushauri wangu ni kupanda kwa ndefu na kuteremka kwa fupi, na sababu ni hizi zifuatazo.

Safari yangu ya pili, tulikuwa tumeshavuka mto Ngare Nanyuki na kutembea kama nusu saa kwenye majani mafupi, askari mbele, sisi watu wanne nyuma yake kwa mstari. Ghafla akainua kiganja bila kugeuka. Nilidhani ameona nyoka. Hatua chache pembeni mwa njia, nyuma ya kichaka ambacho nisingekifikiria kuwa kinaweza kumficha hata mbuzi, alikuwa amelala nyati dume mzee, upande mmoja wa mwili umepakwa tope lililokauka na kupasuka kama udongo wa bwawa, ndege wawili wamesimama mgongoni mwake. Alituangalia kwa utulivu wa mtu aliyeamshwa usingizini na ambaye bado hajaamua kama atakasirika. Askari alituelekeza kwa vidole turudi nyuma kinyumenyume, kisha tukazunguka mbali kupitia upande ambao upepo ulikuwa unatupiga usoni. Tulipofika salama alituambia kwamba kundi la nyati mia halimpi wasiwasi kama mzee mmoja aliyefukuzwa kundini, kwa sababu kundi hukimbia, lakini mzee hana pa kukimbilia na hana anayemwonya. Baadaye jioni ile mwenzetu mmoja alikiri kwamba alikuwa ameshachagua mti wa kupanda, na kwamba mti wenyewe ulikuwa na miiba.

Ukiingia msituni kwa njia hiyo ndefu utafika kwenye ule mkuyu maarufu wenye tao. Ni mti ulioanza maisha yake juu ya mti mwingine, ukashusha mizizi kuuzunguka mwenyeji wake, na mwenyeji alipokufa na kuoza ukabaki mlango mkubwa kiasi cha gari kupita. Msitu unaofuata una miti ya podo na mitarakwa, mingine imening'iniza nyuzi za kijivu kama ndevu, na juu yake ndiko wanakoishi mbega. Usimtafute mbega kwa macho. Sikiliza kwanza tawi linalopigwa kwa kishindo, kisha utauona ule mkia mweupe ukifuata mwili angani. Mkono wake karibu hauna dole gumba, na tumbo lake limegawanyika vyumba ili kusaga majani ambayo nyani wengine hawayawezi, ndiyo maana utamkuta ametulia tawini muda mrefu akisubiri chakula kifanye kazi yake.

Kisha msitu unafunguka, na mbele yako kunasimama ukuta wa mwamba wenye urefu wa takriban mita 1,500 kutoka sakafu ya kreta hadi ukingoni. Huu mlima hapo zamani ulikuwa mzima. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, na kifusi kikasambaa hadi mbali; vile vilima vidogo vidogo vilivyozunguka maziwa ya Momella ni mabaki ya mlima huohuo. Ndani ya kreta kumekua kilima kipya cha majivu, na volkano ililipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Ukisimama pale chini ndipo unaelewa kwamba kesho na keshokutwa utatembea kwenye ukingo wa kitu kilichovunjika. Anayepita njia fupi hufika Miriakamba mapema, hunywa chai, na habari hii yote huikosa.

Maswali yanakaribishwa.

Shangazi wa Tengeru

Mzee wa Buti, shikamoo. Nimeishi Tengeru miaka mingi na mlima huo nauona kila asubuhi nikifagia uwanja, lakini sijawahi kuingia hifadhini hata siku moja. Naona aibu kidogo kuliandika hilo. Magoti yangu hayaruhusu kupanda. Nina mjukuu wa miaka kumi na mmoja anayenisumbua kuhusu wanyama. Je, kuna lolote la maana kwetu kwa siku moja, au hifadhi hii ni ya wapanda mlima tu?

Mzee wa Buti

Marahaba, Shangazi, na aibu isikushike, kwa sababu wakazi wengi wa Arusha wako katika hali hiyohiyo. Hifadhi hii kwa mtu wa siku moja ni rahisi kuliko nyingine zote za kaskazini, maana unatoka nyumbani asubuhi na jioni unalala kitandani kwako.

Anzeni na kreta ya Ngurdoto. Ni bakuli lenye upana wa kilomita kama tatu, na wageni hawaruhusiwi kuteremka ndani. Wanyama wameachiwa sakafu ile iwe yao peke yao. Mnatazama kutoka ukingoni, na sehemu ya juu kabisa inaitwa Leitong. Kama mnaweza kuazima darubini, azimeni, kwa sababu bila darubini nyati wa kule chini huonekana kama punje za pilipili manga zilizomwagika kwenye kitambaa cha kijani.

Kisha nendeni maziwa ya Momella. Maji yake ni ya magadi, na kila ziwa lina madini yake kwa kiwango tofauti, hivyo hata rangi zake hazifanani. Ndani ya muda mfupi mjukuu ataona ziwa la kijani na la buluu yakiwa jirani. Huko ndiko kwenye heroe, wale ndege tunaozoea kuwaita flamingo, ingawa idadi yao hupanda na kushuka kwa kuwa huhamahama kati ya maziwa ya magadi. Kwenye Momella Ndogo kuna safari za mtumbwi wa makasia, na viboko wapo, kwa hiyo mwongozaji akisema kaeni mbali na mwambao fulani, msibishane naye.

Kwa magoti yako, kuna pia matembezi ya kwenda maporomoko ya Tululusia kutoka Momella, pamoja na askari. Njia ina mwinuko kiasi. Mwendo ukikuchosha, mjukuu aendelee na mzazi wake, nawe ubaki na gari.

Jambo moja mjukuu alijue mapema ili asihuzunike: simba hawamo katika hifadhi hii. Chui na fisi wapo, ila kumwona chui ni bahati ya mwenye bahati. Twiga, kwa upande wake, wamejaa.

Kijana wa Ngarenanyuki

Nimesoma uzi huu kwa furaha, lakini naomba kuongeza jambo ambalo wageni wengi hupita juu yake. Mto mnaouvuka pale Momella ndio uliotupa jina sisi tulio upande wa kaskazini, nalo kwa Kimaasai lina maana ya maji mekundu. Wengi wetu ni Wameru, na mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki na Leguruki, nyumba zikachomwa, ili ardhi ipewe walowezi wa kufuga ng'ombe. Wazee wetu walichanga fedha na kumtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, ambako mwaka 1952 alisimama kueleza madai yao. Mtu anayepita hapa akielekea kwenye wanyama apite akijua kwamba nchi hii ina watu na kesi yake ilisikika duniani.

La pili ni la afya. Maji ya chemchemi na mito ya upande wetu yana floridi nyingi, kwa sababu ya miamba ya volkano, na meno ya kahawia mnayoyaona kwa wenyeji wa huku hayatokani na uchafu. Mgeni akinywa kwa siku tatu hatadhurika, lakini msimcheke mtoto wa huku anayetabasamu kwa mdomo uliofumbwa.

Mzee wa Buti

Ahsante sana, ndugu yangu. Nilipaswa kuyasema hayo mimi mwenyewe, maana nimepita Ngarenanyuki mara nyingi na nimekula ndizi zenu. Niongeze upande wa maji kwamba mpandaji abebe ya kumtosha kutoka chini, na yale yatakayopatikana vibandani yachemshwe.

Fundi Ramani

Naomba niwe mbishi kidogo, mkuu. Unasifia siku ya kwanza, lakini mtu hatoi fedha na likizo yake ili aone mkuyu. Watu wanataka kilele. Meru una mita 4,566, ni wa pili kwa urefu nchini, na sijaona sababu ya kutumia siku nne pale wakati kampuni nyingi zinauza siku tatu. Halafu umesema mara ya kwanza hukufika. Tueleze, tafadhali.

Mzee wa Buti

Ubishi wako una haki, na nitauanzia mwisho.

Mara ya kwanza nilikwenda kwa siku tatu, kwa kujiamini kwa mtu aliyezoea kucheza mpira kila Jumapili. Siku ya pili unatoka Miriakamba hadi vibanda vya Saddle, mita 3,570, kwa ngazi nyingi za mbao zinazopita mahali panapoitwa Topela Mbogo na kisha Mgongo wa Tembo. Majina hayo hayakutolewa kwa mapambo. Kinyesi cha tembo utakikuta kwenye ngazi zenyewe, na hadi leo sielewi mnyama wa ukubwa ule anafuata nini kwenye mteremko ambao mimi niliupanda kwa mikono na magoti. Mchana huo watu hupanda Meru Ndogo, mita 3,820, kwa muda wa saa moja hivi, ili mwili uonje hewa nyembamba kisha urudi kulala chini. Mimi niliona ni kujichosha bure, nikalala. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

Kosa la pili lilikuwa vifaa. Nilikodi koti, glavu na tochi ya kichwani kwa mtu mmoja mjini, sikuvijaribu, nikavitia kwenye begi. Tuliondoka saa saba usiku. Tulipofika Rhino Point, mita 3,800 hivi, tochi ilianza kufifia, na betri za akiba nilizopewa zilikuwa zimekwisha nguvu kabla yangu. Baada ya pale njia huteremka kidogo kisha inapita juu ya bamba la mwamba lililoinama, ambapo unashika kwa mikono na kutafuta pa kukanyaga, na upande mmoja hakuna kitu ila giza. Ukiwa na mwanga ni hatua chache tu. Mimi nilizipita nikiwa nimeshika mkanda wa begi la mwongozaji. Glavu zilikuwa za sufu nyepesi. Ziliponyonya umande, vidole viliacha kunitii. Kichwa kikaanza kugonga. Mwongozaji alinimulika usoni, akaniuliza mwaka wangu wa kuzaliwa, nikachelewa kujibu, akasema tunarudi. Hakuniomba maoni, na namshukuru mpaka leo.

Mara ya pili nilichukua siku nne. Hazikuongezei siku ya kupanda. Zinakuongezea usiku mmoja Miriakamba wakati wa kushuka, ili siku ya kilele isiwe ya kuteremka kutoka mita 4,566 hadi 1,500 kwa pigo moja. Nimewaona vijana wenye nguvu kuliko mimi wakishuka ngazi zile kinyumenyume siku ya tatu kwa sababu ya magoti. Isitoshe, anayeshuka asubuhi ya siku ya nne kwa njia fupi hukuta wanyama wamo malishoni, ilhali yule wa siku tatu hupita hapo alasiri akiburuta miguu na asimwone hata ngiri.

Kuhusu kilele chenyewe, sikatai uzuri wake. Kutoka Rhino Point unafuata ukingo wa kreta, majivu na mawe, unapita Cobra Point kwenye mita 4,350, na kipande cha mwisho kinakufanya uhesabu hatua kumi kumi. Jua linachomoza likitokea upande wa Kilimanjaro, ambao wakati huo unaonekana kama kisiwa cheusi juu ya mawingu. Kwenye kilele, kinachoitwa Socialist Peak, chupa yangu ya maji ilikuwa na barafu shingoni na sikuweza kunywa. Kwa upande wa kulia ukishuka, unakiona kile kilima cha majivu chini kabisa, duara kamili, kama chungu kilichosahauliwa kwenye jiko la mtu. Lakini kule juu nilikaa dakika kumi na tano tu, na pale chini nilitembea kutwa nzima.

Kwa upande wa gharama, raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, na kiingilio chake ni cha chini mno kuliko cha mgeni. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa kontroli namba au kadi. Msifike getini na noti mkononi. Mahali pa kulala vibandani pawekewe nafasi mapema, hasa kati ya Juni na Oktoba, kwa sababu vitanda vikijaa hakuna namna ya kuvirefusha.

Fundi Ramani

Nimekubali nusu. Nitachukua siku nne na njia ndefu. Mkuyu nitautazama, lakini sitapiga nao picha.

Shangazi wa Tengeru

Nimerudi kutoa mrejesho, maana nimeona si vizuri kuuliza kisha kunyamaza. Tulikwenda Jumamosi iliyopita, mimi, mwanangu na mjukuu. Leitong tulifika saa mbili asubuhi na kukuta ukungu mzito. Tulisimama ukingoni tukatazama weupe mtupu, mjukuu akaniuliza shimo lenyewe liko wapi, nikakosa la kumjibu. Tuliondoka kwenda maziwani. Heroe walikuwapo wachache upande wa mbali, lakini twiga tuliwahesabu kumi na wanane, na mmoja alisimama katikati ya barabara akatuzuia kwa muda ambao mwanangu alizima gari. Mjukuu alihesabu mara zote alizotafuna kabla ya kumeza, kisha akaona donge likipanda tena shingoni, akapiga kelele kwamba twiga anacheua kama ng'ombe wa jirani.

Tuliporudi saa tisa alasiri tulipita tena Ngurdoto. Ukungu ulikuwa umeondoka, na nyati walikuwa wale wale, punje za pilipili manga.

Mzee wa Buti

Shangazi, umefanya vema kurudi mara ya pili. Ukungu wa pale mara nyingi huinuka kuanzia saa nne. Kosa ni langu kutokukwambia. Fundi Ramani, ukikodi tochi, iwashe dukani na uiache inawaka wakati unalipa.